Mguu Unaoulemea

Kwetu Kenyenya, Kisii, barafu haikai zaidi ya dakika kumi. Wingu zito hushuka alasiri, mvua ya mawe ikapiga mabati hadi waliomo nyumbani wasisikizane, majani ya migomba yakachanika, machipukizi ya chai yakapukutika, kisha jua likachomoza kana kwamba halikuwa na habari. Utotoni tulikimbilia uani kuokota vile vibonge na kuvitia mdomoni kabla havijayeyuka, huku wazazi wakienda shambani kutazama hasara. Hiyo ndiyo barafu niliyoijua nilipohamia Minnesota, Marekani.

Huku Wakisii si wachache. Katika mji wa Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, lugha yetu ya Ekegusii utaisikia dukani, kanisani na kwa wauguzi wanaotoka zamu ya usiku. Majira ya baridi hudumu takriban miezi mitano, na wengi wetu huyapitisha ndani: kazini, garini, kitandani. Nami niliyapitisha hivyo kwa miaka, hadi asubuhi moja ya Januari nilipopita kando ya hifadhi ya Elm Creek na kuwaona wazee wa rika la baba yangu wakipita msituni kwa skii, bila kishindo, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka wala uchovu. Niliegesha gari nikawatazama mpaka vidole vikafa ganzi.

Wengi tukisikia skii huwaza milima mirefu na matajiri wanaoporomoka kutoka kileleni. Hii ninayoisifu ni nyingine. Ni ya ardhi tambarare na vilima vidogo, katika bustani za umma, na ilianza kama njia ya kufika uendako. Watu wa kaskazini mwa Ulaya waliivaa kwa uwindaji na safari zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na Wanorwe waliohamia Minnesota karne ya 19 wakaja nayo. Ni kutembea, tena kutembea kwa ufundi mkubwa.

Skii ni ubao mwembamba, mrefu kumpita anayeuvaa. Kiatu hushikwa kwenye ncha ya vidole tu. Kisigino huwa huru. Kabla ya mapambazuko mtambo umekwisha kupita njiani, ukakandamiza theluji na kuchora mifuo miwili iliyolingana. Siri yote iko kwenye umbo la ubao. Umepinda kidogo katikati, kama upinde. Ukisimama kwa miguu yote miwili, ile sehemu ya katikati haigandamii theluji. Hapo ndipo hupakwa nta inayonata. Ukiulemea mguu mmoja kwa uzito wako wote, upinde hunyooka, nta ikaing'ata theluji, ukapata pa kujisukumia. Ukiuachilia, upinde hurudi, nta ikainuka, ubao ukateleza. Kitu kimoja hushika na kuachia, na kinachoamua ni uzito wako tu.

Nta nayo ni elimu. Huja katika vikopo vidogo, kila rangi na baridi yake: kijani kwa baridi kali, buluu kwa baridi ya kadiri, nyekundu theluji inapokaribia kuyeyuka. Chembe za theluji changa zina ncha kali, hujichoma hata kwenye nta ngumu. Theluji iliyozeeka imekuwa mviringo na hutaka nta laini. Mzee aliyenifundisha alikuwa akivua glavu, anafinya theluji kiganjani, anaitazama inavyoshikana, ndipo achague kikopo. Alipaka tabaka moja jembamba, akalisugua kwa kizibo hadi likang'aa, akaongeza la pili, kisha la tatu. Nilimkumbuka mama akifinya udongo wa shamba kabla ya kupanda mahindi.

Kisha nikavaa, nikaanguka. Nikaanguka tena. Yule mzee akaniambia sababu ni moja: nilikuwa nimesimama katikati ya miguu miwili, siuamini hata mmoja.

Maneno hayo niliwahi kuyasikia. Nyumbani kwetu njia ya kwenda chemchemini huteremka kwenye udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha huwa kama sabuni. Mama aliteremka pale na mtungi wa lita ishirini mgongoni, sisi tukifuata na vibuyu vyetu tukitambaa kwa woga. Kidole gumba chake kilizama udongoni kwanza, goti likakunjika, mwili wote ukahamia pale, ndipo mguu wa nyuma ukang'oka. "Lemea mguu wa chini," alikuwa akisema. "Ukijigawa, utaanguka."

Kila nikianguka nilimfikiria pia Philip Boit, mkimbiaji wa Eldoret aliyeiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996, alipopelekwa Finland kujifunza skii. Miaka miwili baadaye, Februari 12, 1998, aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Nagano katika kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norwe alishinda. Boit alimaliza wa 92, wa mwisho kati ya waliofika, takriban dakika 20 baadaye, na Dæhlie alikuwa bado pale kwenye mstari akimngoja, akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina Dæhlie. Watu hukisimulia kisa hicho kwa ajili ya kumbatio. Mimi huwaza zile dakika 20. Dæhlie alijua kila hatua ya njia ile inadai nini, na nadhani ndiyo maana hakuondoka.

Siku ambazo theluji ni changa na hakuna mfuo, mimi huvaa viatu vya theluji: fremu pana inayotandaza uzito ili usizame. Waojibwe, wenyeji wa nchi hii, walipinda mti uitwao ash kwa Kiingereza na kusuka kamba za ngozi katikati. Katika lugha yao mti huo umepewa jina kutokana na kiatu chenyewe. Ukiutazama msuko ule karibu, unaona mikono ileile inayosuka vikapu vya ugali wa wimbi kwetu. Mwendo wa viatu hivi ni wa polepole, na unafaa siku ambayo mtu anataka kusoma nyayo za kulungu.

Februari iliyopita mpwa wangu alinipiga picha ya video nikipita, mama akitazama moja kwa moja kutoka Kenyenya. Nilijitahidi. Mifuo ilikuwa migumu na safi, nta ya buluu inashika, nikasikia ule mlio mwembamba wa ubao ukiteleza. Nilipofika kwenye simu nilitarajia aulize kuhusu baridi. Alikuwa amesogeza uso karibu sana na kioo.

"Huo wa kushoto," akasema, "hujaulemea."

Nikageuka, nikarudi hadi kwenye mti wa tatu, nikaanza upya.