Ukali na Utamu: Juu ya Lugha ya Kuonja Tumbaku

Kwa miaka mingi malori yaliyochukua tumbaku kutoka Tabora na Urambo kwenda kwenye viwanda vya Morogoro yamekuwa yakipita Dumila, marobota yakiwa yamefunikwa maturubai, na wenyeji wakiyatazama tu yakienda zake. Dumila, katika wilaya ya Kilosa, ni mji wa njia panda: barabara kuu ya Dodoma hupita hapo, na nyingine huachana nayo kuelekea Kilosa. Kinachopimwa, kuumwa kwa meno na kubishaniwa sokoni mwake ni mchele na mahindi. Tumbaku haina hukumu kubwa huko, isipokuwa ugoro na msokoto wa wazee. Hata hivyo mji huu wafaa kuwa mwanzo wa swali ambalo wahakiki wa Kiswahili hawajalishughulikia vya kutosha, nalo ni hili: mtu anapoonja kitu na kukilinganisha na kingine, lugha yake humpa maneno gani ya kutolea hukumu?

Swali hili halijitokezi waziwazi mahali popote kama linavyojitokeza katika uhakiki wa zile sigara nene zisokotwazo kwa mkono, ambazo sifa yake ilitokea Cuba. Sigara ya namna hii haina karatasi. Ni majani matupu ya tumbaku: ya ndani yaliyokunjwa, jani la kuyafunga, na jani moja zuri la juu ambalo ndilo sura yake. Wako watu ambao kazi yao ni kuivuta polepole, kuigawa katika theluthi tatu, na kuandika yale waliyoyapata katika kila theluthi. Huandika kwamba mwanzo una ladha ya mwerezi, katikati kuna kakao na ngozi ya mnyama iliyotengenezwa, na mwisho ni pilipili na udongo uliolowa mvua. Tena walio waangalifu huivua kwanza ile pete ya karatasi yenye jina la kiwanda, ili jina lisije likaonja badala ya ulimi.

Mtafsiri wa Kiswahili ajapo kwenye maandishi hayo hukwama kabla hajaifikia ladha yenyewe, maana hukwama katika jina. Neno sigara, ambalo asili yake ni Kihispania na kwa asili lilikuwa la sigara hii hii ya majani, lilipoingia katika Kiswahili lilichukuliwa na ile nyembamba ya karatasi, na mwenye jina akabaki bila jina. Wengine husema biri. Lakini biri ililetwa na Wahindi, na kwao ni tumbaku iliyofungwa kwa jani la mti mwingine kabisa. Kuiita sigara ya Cuba biri ni sawa na kuita pilau wali kwa kuwa zote zina mchele. Ni afadhali kusema sigara ya majani, jina lisilo na madaha ila lisemalo kweli.

Jambo hili lisimdanganye mtu akadhani kwamba Kiswahili ni maskini katika mambo ya tumbaku. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha mwaka 1870, aliyaandika majina ya kiko cha maji kipande kwa kipande: bori linalotiwa tumbaku, digali linaloshuka majini, kiko chenyewe kilicho chombo cha maji, na shilamu linalokwenda kinywani. Zaidi ya hayo mlio wa maji yanayochemka kwa pumzi ya mvutaji ulikuwa na jina lake, malio ya kiko. Lugha iliyojishughulisha hata na sauti ya kiko haiwezi kushutumiwa kwa uvivu. Wakati huo huo Richard Burton, katika kitabu chake cha 1860, alieleza jinsi Usambara ilivyopeleka Unguja tumbaku iliyotwangwa katika vinu vya mbao, ikafanywa mikate myembamba ya mviringo na kufungwa kwa majani ya mgomba. Bidhaa haifungwi vizuri namna hiyo mahali ambapo mnunuzi hajui kuchagua.

Tofauti basi haiko katika wingi wa maneno. Iko katika aina yake. Mhakiki wa kigeni huhukumu kwa majina ya vitu vingine: tumbaku ni kama kahawa, kama ngozi, kama mti. Mswahili huhukumu kwa vitendo. Tumbaku huwasha, hukereketa, hupalia, hukaba, hulevya. Ikiwa njema, hukolea. Kila kitenzi hapo kina mahali pake mwilini. Kinachowasha kimo ulimini au puani, kinachokereketa kimefika kooni, kinachopalia kimepita njia isiyo yake, na kinachokaba kimeshuka kifuani. Hata harufu imegawanywa na sarufi yenyewe: kitu hunuka au hunukia, na hukumu nzima imebebwa na irabu moja. Kiingereza hakina wepesi huo.

Lakini sifa hii ina gharama yake, na mhakiki aipendaye lugha hana budi kuitaja. Kitenzi hueleza tumbaku inamfanya nini mvutaji, hakielezi tumbaku yenyewe ikoje. Watu wawili wakipewa sigara mbili zinazowasha sawasawa, Kiswahili cha kila siku kitawaacha bila njia ya kuzitenganisha, nao watarudi kwenye maneno mawili yaliyochoka, kali na tamu. Kali hasa limebebeshwa mzigo usio wake: kisu, jua, mbwa, mwalimu, siki, pombe na tumbaku vyote ni vikali. Dawa si kulitupa, ni kulifunga mahali pamoja, kama wafanyavyo wavutaji wenyewe wasemapo kali ya koo au kali ya kichwa. Ukali wa koo mara nyingi ni ishara ya jani lisiloiva. Ukali wa kichwa ni nguvu ya jani. Mwenye kuyachanganya haya mawili hawezi kulinganisha sigara yoyote. (Kwamba zote mbili zinamdhuru mvutaji ni jambo ambalo madaktari wamekwisha kulimaliza, na onjo halina hoja ya kulipinga.)

Hapa ndipo mchele unapofundisha. Mnunuzi wa Dumila huuma punje, huinusa konzi, huuliza kama ni mpya au wa mwaka jana, kwa kuwa mpya huelekea kuwa bokoboko na wa zamani hujaa chunguni. Dakawa, iliyo kwenye barabara hiyo hiyo kabla ya kufika Dumila kutoka Morogoro, iliipa jina lake mbegu ya TXD 306, ambayo wakulima wanaijua zaidi kama SARO 5. Jina SARO lilifupishwa kutoka katika maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba harufu yake ni ya nusu, yaani hunukia lakini si kama Supa. Wataalamu walitia hukumu ya ladha ndani ya jina, wakaifumba kwa herufi za kigeni. Mkulima hutamka hukumu hiyo kila siku, na huenda hajui kwamba anahukumu.

Katika tumbaku jambo hili ni zito zaidi, maana fedha ya mwaka mzima imo ndani yake. Nchini Tanzania mkulima anajua tumbaku ya mvuke, ya moshi na ya hewa, majina matatu ya Kiswahili safi yanayoeleza kazi ilivyofanyika. Anajua jani la chini, la kati na la juu. Ajapo sokoni, mteuzi hulitazama robota, hulishika, hulinusa, kisha hulipa daraja la herufi na namba. Kinachotokea baina ya pua ya mteuzi na ile herufi ni uhakiki, lakini ni uhakiki usiosemwa. Mkulima hawezi kuujibu, kwa kuwa hakuna sentensi iliyotamkwa ambayo angeweza kuipinga. Zamani Wajerumani nao walipopanda tumbaku Lewa, nyuma ya Pangani, katika miaka ya 1880, hukumu ya jani ilitolewa Ulaya na walioivuna hawakuisikia. Shamba likageuzwa mazao mengine.

Kinyume chake kipo Havana. Tangu 1865 viwanda vya sigara vya mji huo vilikuwa na msomaji aliyeketi juu ya jukwaa na kuwasomea wasokotaji magazeti na riwaya wakati mikono yao ikifanya kazi, na mshahara wake ulitoka mifukoni mwao. Sigara ya Montecristo, iliyoanzishwa 1935, inachukua jina la riwaya ya Alexandre Dumas. Nyingine ni Romeo y Julieta. Wahakiki wanaoorodhesha kakao na mwerezi hupita juu ya jambo hili haraka mno. Msokotaji aliyesikiliza sura thelathini za kitabu alikuwa na lugha ya kusemea kazi yake, na majina ya Kihispania ya majani, volado, seco na ligero, ni maneno ya watu wa kazi yaliyopanda hadi kwa mnunuzi tajiri bila kubadilishwa.

Mtafsiri angefanya vema kufuata njia hiyo hiyo. Ligero na liwe jani la juu, volado jani la chini, kama mkulima wa Urambo asemavyo. Na ile kazi ya kulaza majani katika malundo mpaka yapate joto na kupoteza ukali, ambayo wengi huandika kuwa ni kuchachua, ina neno lake la siku zote, lile lile la ndizi na maembe: kuvundika. Limezaliwa na kuvunda, nalo linajua jinsi kuiva na kuoza kunavyokaribiana, jambo ambalo kuchachua halilisemi.