Programu ya Muziki Simuni: Uchaguzi Ulioanzia Kwenye Mafaili

Mtu atafutaye programu ya kuchezea muziki katika simu yake aghalabu huanza na uso wake: rangi, picha za majalada na wingi wa vitufe, na kwa kuwa nyuso hizo zote zimepambwa kwa ustadi, mwisho wake huwa amechagua pambo lililompendeza siku hiyo. Njia ielezwayo hapa ilikwenda kinyume cha hayo. Ilianza kwa kuyakagua mafaili yenyewe, ikaendelea kwa kuzipima programu tatu mashuhuri, VLC, Poweramp na Musicolet, kwa mafaili yale yale, ikaishia kwenye swali ambalo wengi hawaliulizi mpaka wakati wake umekwisha kupita: siku nitakapoihama programu hii, nitaondoka na nini?

Khazina iliyotumiwa kuwa kipimo ni ya namna ionekanayo katika nyumba nyingi za pwani: taarab ya Unguja na Mombasa iliyonakiliwa kutoka kwenye kanda, muziki wa dansi wa bendi za Dar es Salaam na Morogoro uliotoka kwenye santuri, maulidi na kasida zilizorekodiwa hadharani, na nyimbo mpya zilizopakuliwa kutoka kwenye intaneti. Yote yamo katika kadi ya kumbukumbu ya simu ya Android, na mwenyewe hataki kutumia bando kila asikilizapo kitu ambacho tayari ni mali yake.

Ukubwa wa mafaili ulikadiriwa kwanza, kwani ndio unaoamua kadi itabeba nini. Upande mmoja wa kanda ya dakika 90 ni dakika 45 za sauti. Zikihifadhiwa bila kubanwa, kwa kipimo cha sidii ambacho ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 476. Zikibanwa kwa FLAC, mfumo alioutoa Josh Coalson mwaka 2001 na usiotupa hata chembe ya sauti, aghalabu hushuka zikakaribia nusu ya hapo. Zikiwa MP3 ya kilobiti 320 huwa megabaiti 108, na kwa kilobiti 128 huwa 43 tu. Basi ikakatwa shauri kwamba nakala za asili zikae katika FLAC nyumbani, na za kutembea nazo ziwe MP3. Programu zote tatu huzisoma aina hizo mbili, kwa hiyo sifa hiyo haikuitenga hata moja, ijapokuwa ndiyo itangazwayo kwa sauti kubwa kuliko zote.

Mizani ya kwanza yenye uzito ilikuwa ile ya maelezo yaandikwayo ndani ya faili. Programu ya muziki haina masikio. Ni karani asomaye daftari, na lisiloandikwa daftarini hana habari nalo. Daftari la mwanzo la MP3, liitwalo ID3, lilibuniwa mwaka 1996, nalo lilikuwa na baiti 128 tu mwishoni mwa faili, miongoni mwazo herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni, na baiti moja ya aina ya muziki. Baiti hiyo moja ilikuwa ni nambari ya kuchagua katika orodha iliyokwisha kupangwa, ambamo polka ilipata nafasi yake ilhali taarab haikupata. Mafaili ya zamani yaliyopita mikononi mwa watu wengi bado yana daftari hilo fupi, na ndiyo sababu majina marefu ya nyimbo huonekana yamekatwa katikati, na kasida zenye anuani za herufi za Kiarabu hutokea kama rundo la alama zisizosomeka. Daftari la pili, lililokuja mwaka 1998 na kukaa mwanzoni mwa faili, liliondoa ufinyu huo. Na toleo lake la mwaka 2000 likaruhusu maandishi ya UTF-8, yanayobeba hati za lugha zote.

Hapo ndipo taarab inapoitia programu katika mtihani ambao muziki wa mwimbaji mmoja hauwezi kuitia. Wimbo wa chama kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905, au Culture Musical Club, una wenyewe watatu au zaidi: chama kilichoupiga, mwimbaji aliyeuimba, na mtunzi aliyeyatunga mashairi yake, na pengine mtu wa nne aliyeutilia muziki. Mafundi wa ID3 waliweka mahali mbalimbali pa kuandikia watu hao, pa msanii wa wimbo, pa kundi lililopiga (ambapo programu nyingi huweka msanii wa albamu nzima) na pa mtunzi. Walakini kuandika ni jambo moja, na programu kuyasoma yaliyoandikwa ni jambo jingine. Programu ipangayo kwa jina la msanii wa wimbo peke yake huichukua kanda moja yenye waimbaji wanane, ikaivunja vipande vinane na kuvitawanya katika orodha, hata mwenye mali akadhani kwamba nyimbo zake zimepotea. Katika mtihani huu Poweramp ilitia fora, kwani ina orodha ya wasanii wa albamu na orodha ya watunzi, kila moja mbali na mwenziwe. VLC, ambayo asili yake ni mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996 na ambayo hutolewa bure bila matangazo, huigawa khazina kwa wasanii, albamu, nyimbo na aina, mgawo utoshao kwa muziki wa kawaida lakini ulio finyu kwa taarab. Musicolet ilijikomboa kwa njia nyingine: hufuata makabati ya mafaili kama mwenyewe alivyoyapanga katika kadi, na ina zana za kusahihisha maelezo yaliyokosewa na kuyaandika ndani ya faili lenyewe.

Mizani ya pili ilihusu pengo baina ya faili na faili. Kisomo cha maulidi kilichokatwa vipande ili iwe rahisi kuutafuta mlango fulani hakipaswi kusikika kimekatika. Na MP3 kwa maumbile yake hukata. Sauti hufungwa katika fremu za sampuli 1,152, ambazo kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 26 hivi, na kwa kuwa ni nadra kipande kuishia sawasawa mwishoni mwa fremu, mfungaji huijaza nafasi iliyobaki kwa kimya, tena huongeza kimya kingine mwanzoni. Programu ya LAME, itumiwayo na wengi kufungia MP3, huandika ndani ya faili kiasi cha kimya hicho, ili msomaji apate kukiondoa; na Poweramp hukiondoa, ikaunga vipande bila mshono. Sharti lake ni kwamba vipande hivyo viwe vimefungwa na chombo kiachacho kumbukumbu hiyo, la sivyo msomaji hodari naye hana la kufanya.

Ya tatu ni nguvu ya sauti. Santuri za dansi zilinakiliwa kwa sauti ya chini, na nyimbo za siku hizi zimesukumwa hadi ukingoni, basi msikilizaji achanganyaye mbili hizo hushinda mkono u juu ya kitufe, akipandisha na kushusha. Mwaka 2001 David Robinson alipendekeza mfumo wa ReplayGain, ambao huipima sauti kama sikio la mwanadamu linavyoihisi, kisha ukaandika katika maelezo ya faili ni desibeli ngapi zipunguzwe au ziongezwe, pasipo kuigusa sauti yenyewe. Poweramp huisoma nambari hiyo na kuitii. Ni programu ya kulipiwa baada ya muda mfupi wa majaribio, na kwa mwenye khazina mchanganyiko, malipo hayo yana sababu.

Ya nne ni kukumbuka mahali. Faili la dakika 45 lisilorejea pale lilipoachwa humlazimisha mtu kuanza upya au kubahatisha kwa kidole. Musicolet humpa msikilizaji safu kadhaa za nyimbo kwa wakati mmoja, kila safu ikihifadhi mahali pake, hata mtu akaacha maulidi katikati, akasikiliza dansi njiani, kisha akarudi kwenye maulidi pale pale alipofikia. Fauka ya hayo, haikuomba hata idhini ya kutumia intaneti, kwa hiyo haina matangazo wala njia ya kupeleka nje habari za asikilizaye. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, idhini ya kusoma mafaili ya sauti imetengwa na ile ya picha na video, na programu ya muziki iombayo picha, au majina ya watu waliohifadhiwa simuni, yafaa iulizwe inayatakia nini.

Huduma za kusikiliza kupitia intaneti hazikuingizwa katika mashindano haya, kwani zinauza kitu cha namna nyingine. Spotify, iliyofungua milango yake Kenya, Tanzania na Uganda mwezi Februari 2021, humruhusu mlipaji kupakua nyimbo, ila nyimbo hizo huchezwa ndani ya programu hiyo tu, na maadamu malipo yanaendelea. Google Play Music nayo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2020, na wateja wake wakaelekezwa kuhamia YouTube Music.

Hukumu ilitoka hivi: kwa khazina hii Musicolet ndiyo ikae simuni, kwa kufuata makabati, kwa safu zake na kwa kujitenga na intaneti, Poweramp imfae yule ambaye taarab yake imeandikwa maelezo kamili, na anayetaka sauti zilingane, na VLC iwekwe akiba kwa faili geni ambalo wengine wamelikataa. Lakini hukumu hiyo ina maana kwa sababu ya kazi iliyotangulia. Jina la mtunzi, kipimo cha kimya, nambari ya desibeli, vyote vimeandikwa ndani ya faili; na orodha za nyimbo zimehifadhiwa katika M3U, ambayo ni maandishi matupu yenye majina ya mafaili na mahali yalipo. Alama za nyimbo zipendwazo na hesabu za mara zilizochezwa, ambazo programu nyingi huzifungia katika hifadhi yao wenyewe, hazikutegemewa kwa lolote. Kwa hiyo atakayetaka kuchagua na aanze na kazi ya kuandika kabla ya kazi ya kupakua. Na akisha kuzijaribu programu mbili tatu, aifute ile aliyoipenda zaidi, afungue nyingine, atazame kilichobaki. Ikiwa hakuna kilichopungua, alikuwa amechagua vema, na anaweza kuirudisha bila wasiwasi.