Visiwa Visivyo na Bahari: Kuhusu Picha za Vilima vya Masasi

Wapiga picha wanaosafiri kwa gari na kulala mahemani wamezoea kuyatazama majabali kwa jicho la jangwani: mwamba mmoja, mbingu tupu, wala hapana kiumbe. Mtindo huu umeenea mno, hata vilima vya Masasi, ambako hakuna jangwa, navyo hupigwa vivyo hivyo. Haviwafai, na mpenzi wa ushairi ataelewa upesi kwa nini.

Aondokaye Lindi hufuata bonde la mto Lukuledi, Uwanda wa Makonde ukiwa kushotoni kwake, akapita Ndanda hata akafika Masasi. Hapo ardhi imelala tambarare, na majabali huchomoza ghafla, kila moja pekee. Mjiolojia wa Kijerumani Wilhelm Bornhardt, aliyeizunguka nchi hii katika miaka ya 1890, ndiye anayetajwa kuwa aliyeyapa majabali ya namna hii jina lenye maana ya mlima-kisiwa. Sitiari hiyo ni sahihi. Mawe yaliyokuwa dhaifu yalilika na kuchukuliwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Yaliyo magumu yakabaki.

Nasi watu wa visiwani twajua kwamba kisiwa hakitambulikani ila kwa bahari yake. Mpiga picha akitumia lenzi ndefu, vilima husongamana vikawa safu moja. Akikisogelea kimoja mno, uwanda hutoweka. Mikorosho, mihogo, mapaa ya bati na njia za miguu ndiyo bahari ya visiwa hivi. Kuiondoa ni sawa na kukisoma kituo bila ya ubeti wake: maneno yapo, uzito haupo.

Pana zito zaidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makazi yao chini ya vilima hivi. Mwaka 1906, moto wa Maji Maji ukiwa haujapoa, Karl Weule wa Leipzig alifika Masasi na Newala akiwa na kamera na mashine ya kunasa sauti. Picha zake nyingi humsimamisha mtu kama kielelezo cha kabila. Yeye alimtoa mtu katika mahali pake. Wapiga picha wa leo wanapatoa mahali katika watu wake. Ni makosa mawili ya mzizi mmoja: kudhani kwamba nchi na wenyewe vyaweza kutenganishwa bila ya hasara.

Atasema mtu kwamba msanii ana haki ya kuchagua. Naam, na mshairi naye huacha mengi. Lakini alichokiacha mshairi hodari husikika katika alichokisema. Picha iliyopigwa kwa mbali, alasiri, kivuli cha jabali kikianguka juu ya shamba la mtu, inaweza kutuonyesha ukubwa wa mwamba na udogo wa jembe kwa pamoja, hata kama mwenye shamba hayupo. Picha ya jangwa la kubuni haiwezi. Inamwambia mgeni kwamba hapana mtu. Na nchi ikishasemwa kuwa haina mtu, msomaji, hakawii kutokea wa kuidai.