Mafundi wa Malori Madogo

Gurudumu la ndala halikatwi kwa mkasi. Mkasi huitafuna raba na kuacha kingo zenye meno, na gari likikimbizwa linadunda. Hukatwa kwa wembe, tena wembe uliokwisha kutumika kidogo. Fundi anaushika wembe pale pale ulipo, halafu anaizungusha raba taratibu kuufuata mstari uliochorwa kwa kifuniko cha soda. Hivyo ndivyo nilivyomwona mtoto wa dada yangu akifanya nyuma ya nyumba yao hapa Lulimba, mashariki mwa Kongo, kijana wa darasa la sita, mwenye subira ambayo sijaiona kwa mafundi wengi wa makamo yangu. Alipomaliza gurudumu la kwanza alilipuliza, akalichomeka kwenye spoku ya baiskeli, akalizungusha kwa kidole karibu kabisa na jicho, kisha akalitupa. Akachukua ndala akaanza upya.

Baba yao ni dereva wa lori la Fuso. Huteremsha mahindi na karanga mjini Baraka, hurudi na ndagala, chumvi na mawese. Likizo kubwa iliyopita, kiangazi kikiwa kikali na barabara inapitika, aliamua kuwachukua mke na watoto wote watatu wakatembee mwambaoni mwa ziwa Tanganyika. Ulaya ziko familia zinazonunua gari lenye kitanda na jiko ndani, zikaenda nalo kando ya bahari. Kwetu ni Fuso na turubai. Magunia yakipangwa vizuri huwa kitanda. Dada yangu alipakia sufuria, mkaa na unga wa muhogo ndani ya beseni moja, akalifunga nyuma ya kibanda cha dereva, na kila jua lilipozama lile beseni liliteremshwa, moto ukawashwa kando ya tairi. Walitoka Lulimba hadi Fizi, wakashuka Baraka, wakafuata ziwa hadi Mboko, wakarudi.

Waliporudi nilikwenda kuwasalimu na kusikiliza habari. Dada alinipa simu yake nitazame picha: watoto mbele ya maji, watoto mbele ya mtumbwi, watoto wamekunja uso kwa jua. Nilizitazama zote nikamrudishia, na bado sikuwa najua walikwenda wapi. Mkubwa wa watoto, yule mkata magurudumu, aliniambia, "Mjomba, subiri tumalize lori, ndipo utaona."

Lori lilichukua siku kadhaa. Chasisi ni kipande cha mwanzi kilichopasuliwa na kunyooshwa juu ya moto. Kibanda cha dereva ni kopo la sardini lililokatwa dirisha, kingo zake zikakunjwa kwa ndani zisimkate mtu. Springi, na hapa ndipo nilipoinama kabisa nitazame, ni vipande vya ule utepe wa bati unaofunga marobota ya mitumba, vimepangwa vitatu vitatu, kirefu chini na kifupi juu, vikabanwa katikati kwa mpira wa baiskeli. Nilimuuliza yule mkubwa kwa nini anajisumbua hivyo wakati gari la kuchezea halibebi kitu. Alinijibu bila kuinua macho kwamba lori la baba lilivunjika springi kabla ya kufika Fizi, wakalala hapo, na asipoiweka springi atawezaje kuonyesha ilivyovunjika?

Siku ya kuonyesha, ua mzima ulikuwa umegeuka nchi. Tangu mlango wa jiko hadi kwenye mpapai walikuwa wamefyeka njia kwa ukingo wa jembe. Fizi ilikuwa kichuguu. Ziwa lilikuwa mfereji mrefu uliojazwa maji ya kisima, na waliuchimba mrefu kuliko nafasi waliyokuwa nayo, ukapita nje ya ua mpaka kwa jirani, kwa sababu baba yao aliwaambia Tanganyika halina mwisho wa kuonekana. Ni kweli, ziwa hilo lina urefu wa kilomita 673, na kwa kina linashindwa na Baikal peke yake duniani. Mkubwa alilisukuma lori kwa kijiti kirefu chenye usukani juu, huku anakimbia kinyumenyume ili atutazame usoni tuliokuwa tunasimuliwa. Wa kati, msichana, ndiye aliyekuwa na maneno. Mdogo kabisa alikuwa injini.

"Mjomba, usikanyage hapo, ni mto." Nilirudisha mguu. "Hapa tulilala. Baba alilala chini ya gari, mama alikataa." Lori likasimama, utepe mmoja ukachomolewa, kibanda kikainama upande. Injini ikakohoa na kuzima. Vifurushi vidogo vya kitambaa vikateremshwa kimoja kimoja, na nilitambua ndani yake mpangilio ule ule wa shemeji yangu: mzito mbele, mwepesi juu, turubai mwisho. Kilikuwemo hata kidumu cha manjano, kipande cha plastiki kisichozidi ukucha, kikining'inia nyuma kama vinavyoning'inia vidumu vya kweli. Dereva asiye na kidumu cha maji nyuma, shemeji husema, hajui anakokwenda.

Mbele kidogo palikuwa na vijiti viwili na uzi uliovutwa katikati. Msichana alikimbia akasimama hapo, akanyoosha kiganja. Hakusema kitu. Kaka yake akashuka kwenye lori lake lisiloshukika, akaweka karanga mbili kwenye kile kiganja, uzi ukashushwa, wakapita. Ilikuwa barieri, kizuizi cha barabarani ambacho hakipitwi bila kutoa kitu. Palikuwa na nyingine baada ya hiyo, na nyingine. Watu wazima tuliokaa pale tulitazamana. Katika picha zote za simu ya dada yangu hakuna barieri hata moja, na kila msafiri wa njia hii anajua kwa nini: hapo hatoi mtu simu mfukoni. Karanga za watoto ziliisha kabla hatujafika Baraka.

Kwenye Baraka ndipo ufundi wao uliponishika koo. Mbele ya mji, ng'ambo ya ghuba, iko Ubwari. Mwaka 1858 Burton na Speke walilifikia ziwa hili, wakapita hapo kwa mitumbwi, na Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Ghuba bado inaitwa kwa jina lake katika ramani. Watoto hawa walikaa ufukweni wakawauliza wavuvi, na katika mfereji wao Ubwari ilikuwa rasi, ulimi mrefu wa udongo, umeungana na nchi kavu kwa shingo nyembamba waliyoitengeneza kwa vidole vitatu. Na ukingoni, ndani ya maji, mdogo alikuwa amepanga vibanda vya maganda ya mayai. Mama mmoja jirani alimwambia kwa upole, "Nyumba zako zitalowa, mwanangu, zisogeze." Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Ndivyo zilivyo." Na ndivyo zilivyo kweli. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda likameza nyumba na mashamba mwambaoni, na mtu aliyepita njia hiyo aliona michikichi imesimama majini. Mtoto wa miaka mitano alikuwa ameiona hali hiyo, hakuiongeza wala kuipunguza.

Ufundi huu siujui kwa kutazama tu. Vita vya mwaka 1996 vilipotusukuma kuvuka ziwa, wengi wa watu wa Fizi tuliishia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka ule ule katika mkoa wa Kigoma, Tanzania. Huko hakukuwa na sardini. Kulikuwa na makopo ya mafuta ya msaada, bati gumu, zuri, linalong'aa kwa ndani. Kaka yangu alilipasua kwa msumari, akalilaza juu ya jiwe, akaligonga kwa jiwe jingine mpaka likawa bapa, na kutoka kwenye bati hilo alitengeneza lori ambalo watoto wa mtaa wetu wa kambi walilijua kwa sauti kabla hawajaliona.

Lakini lori linahitaji mahali pa kwenda. Ndipo bibi yetu alipoingia kazini. Alikuwa anakaa mlangoni na mguu wake mbaya umenyooshwa, akichambua maharage, na kaka alipokuwa anachora njia mavumbini alimsahihisha bila kunyanyua kichwa. "Ukitoka Baraka usiendelee na ziwa. Panda. Panda mpaka useme nimechoka. Hapo ni Fizi." Kaka alipanda. "Usishuke haraka, breki zitaungua." Kaka alishuka polepole, injini ikinguruma kooni. "Sasa uwanda unafunguka, nyasi ndefu. Umefika kwetu, piga honi." Na watoto wote, wakiwemo wale waliozaliwa kambini ambao hawajawahi kuiona Lulimba, walipiga honi. Kuna jioni bibi aliwasimamisha katikati ya njia akaweka maharage pembeni, akasema, "Hapo kulia alikuwa anakaa shangazi yenu," akanyamaza, na kaka alilishikilia lori pale pale mpaka alipomruhusu aendelee. Kila siku baada ya hapo lilisimama mahali hapo bila kuambiwa.

Kuanzia mwaka 2005 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilianza kuwarudisha Wakongo kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, na meli ya Mwongozo ilibeba wengi. Zamu yetu ilipofika, bibi hakuwepo tena. Tulishushwa Baraka, tukapandishwa kwenye malori, malori ya kweli sasa, na mdogo wangu aliyezaliwa Nyarugusu alikaa mbele ya magunia akiishika kamba. Lori lilipoliacha ziwa nyuma alisema, kabla ya mtu mzima yeyote kufungua kinywa, "Sasa tunapanda." Tulipovuka Fizi alisema breki zitaungua. Dereva alicheka. Mama yangu hakucheka, alijifunika kitenge usoni.

Kwa hiyo mtu akiniambia haya ni michezo ya watoto, namsikiliza kwa heshima na simkubalii. Goma wanaijua chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na mnyororo, wanayoipakia magunia ya viazi na makaa kutoka vilimani. Mji umeiwekea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, ingawa chukudu yenyewe ni mbao na gurudumu lile lile la raba kuukuu. Na mwaka 2018 jumba la makumbusho la MoMA mjini New York lilifungua milango kwa kazi za mtu wa nchi yetu hii, Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015, ambaye kwa kadibodi, karatasi za rangi, vifuniko vya chupa na makopo ya soda alijenga miji mizima inayotosha ndani ya chumba. Wageni walikwenda kuitazama. Mtoto wa Lulimba anajenga kwa vitu hivyo hivyo, na anapewa onyo kwamba anachafua ua.

Sokoni siku hizi yapo magari ya plastiki, mekundu na ya bluu, yanakuja kwa marobota. Sina ugomvi na rangi zake. Ugomvi wangu ni kwamba likivunjika hakuna mtoto anayeweza kulifungua, kwani halikufungwa kwa kitu kinachofunguka, na kwamba halitoki mahali wala haliendi mahali. Halina kidumu. Halijawahi kulala njiani. Watoto wanalisukuma mara mbili tatu, wanalitupa, wanarudi kuomba simu.

Zamani shule zetu zilikuwa na saa ya kazi za mikono, na mwalimu alipita akitazama mafundo ya ufagio wa kila mmoja, akifungua yaliyolegea. Katika shule ninazozijua saa hiyo imebaki kwenye ratiba ukutani. Mtoto anaambiwa alete ufagio, mzazi anaununua, mtoto anaukabidhi, anapewa alama. Alama za nini? Tunawapa watoto alama za mikono ya mama wa sokoni, halafu tunashangaa kijana wa miaka kumi na minane hawezi kufunga mzigo juu ya pikipiki usimwagike.

Mpwa wangu hakufundishwa na mwalimu. Alifundishwa na wavulana wawili wa mtaa wa pili, wakubwa kwake kidogo, ambao kwa kukata magurudumu hawakuwa na mpinzani hapa, na mmoja wao ndiye aliyegundua ule utepe wa marobota kuwa springi. Wote wawili sasa wako Misisi, kwenye mashimo ya dhahabu, wanatwanga mawe. Si wao peke yao. Ukitaka kujua walikokwenda watoto wenye mikono myepesi wa upande wetu, nenda Misisi ukasikilize nyundo. Yule wa springi alirudi nyumbani Krismasi. Mpwa wangu alimkimbilia na lori lake lililoinama upande, akamwomba amwonyeshe tena namna ya kuzipanga zile tepe ili zivunjike kisha zirudi. Alikaa chini vizuri, akalipokea, akaligeuza, akasifu kibanda. Lakini vidole vyake vilikuwa vimevimba na kupasuka, na hakuweza kuushika wembe.