Bembea Kama Chombo cha Kufundishia Watoto wa Kaloleni

Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940 kando ya barabara ambayo leo huitwa Jogoo, jijini Nairobi, ulisanifiwa na A. J. S. Hutton kwa kufuata wazo la mji wa bustani, yaani mji ambao nyumba zake hupangwa kuzunguka viwanja vya wazi vyenye nyasi na miti, wazo ambalo Ebenezer Howard alilieneza nchini Uingereza kuanzia mwaka 1898. Mpangilio huo una uzito katika uchambuzi wa matumizi ya viwanja vya burudani kufundishia watoto wadogo, kwa sababu safari ya shule kwenda kwenye gurudumu kubwa la kituo cha ununuzi cha Two Rivers hudai nauli na kiingilio ambavyo wazazi wengi wa Eastlands, eneo la mashariki mwa Nairobi lenye mtaa huu, huvipata kwa shida, ilhali uwanja wa wazi upo mlangoni pa nyumba zao.

Mtaala wa umilisi, ambao utekelezaji wake ulianza kote nchini Kenya Januari 2019 kuanzia chekechea hadi Gredi ya Tatu, unamtaka mwalimu aunganishe nyanja mbalimbali za ujifunzaji katika shughuli moja. Ziara ya burudani inafaa sana kwa lengo hilo, lakini mara nyingi hupotea bure: watoto hupanda, hufurahi, hurudi nyumbani jioni, na kesho yake mwalimu hufungua kitabu pale kilipoachwa. Kinachoifanya bembea iwe chombo cha kufundishia ni swali ambalo mtoto huenda nalo uwanjani na kazi anayoifanya akirudi.

Bembea ya kawaida, inayoweza kusimikwa katika uwanja wowote wa mtaa, hufanya kazi kama pendulamu, yaani kitu kinachoning'inia na kuyumba huku na huku. Kabla ya kutoka darasani, watoto huulizwa ni nani atakayekwenda na kurudi upesi zaidi kati ya mwenzao mzito na mwenzao mwepesi, na kila mmoja huchora ubashiri wake. Uwanjani, mtoto mmoja huketi na kusukumwa kidogo tu, wenzake huhesabu kwa sauti mizunguko 10 ya kwenda na kurudi, na mwalimu hushika saa. Kwa mnyororo wenye urefu wa takriban mita 2, hesabu hiyo huchukua karibu sekunde 28, na mtoto wa pili, hata akiwa mzito kuliko wa kwanza, huchukua muda unaokaribiana sana na huo. Sharti ni kwamba wote wawili wakae kwa namna ileile, kwa kuwa mtoto anayesimama huinua kitovu cha uzito wake na hivyo kufupisha pendulamu. Kisha jiwe hufungwa kwenye uzi wa sentimita 50 na kuyumbishwa, na mizunguko 10 humalizika kwa takriban sekunde 14, yaani nusu ya muda wa awali. Mtoto wa Gredi ya Pili hahitaji kanuni ya kipeuo cha pili ili aone kwamba urefu ndio unaotawala muda. Anahitaji kuhesabu mwenyewe na kushuhudia ubashiri wake ukianguka.

Kutokana na jaribio hilo, somo la Kiswahili hupata maelezo ya hatua kwa hatua ambayo watoto huyaandika wenyewe, pamoja na vitenzi vilivyo hai vya kusukuma, kusukumwa na kusukumana, na sanaa hupata mchoro. Gurudumu la George Ferris, lililozunguka mjini Chicago mwaka 1893 likiwa na vyumba 36 vya watu 60 kila kimoja, huwapa watoto wa gredi za juu zoezi la kuzidisha lenye jibu la watu 2,160, na picha yake huwafundisha historia bila kulazimishwa. Hata hivyo, si busara kulibebesha jaribio moja masomo yote, maana mwalimu anayetafuta funzo la dini, la lishe na la muziki katika kila mzunguko humchosha mtoto na kuivuruga hesabu iliyokuwa imeeleweka.

Kazi ya kurudi ni muhimu sawa na ile ya uwanjani. Maktaba ya Kaloleni, iliyokarabatiwa kwa ushirikiano wa Kaunti ya Jiji la Nairobi na shirika la Book Bunk, ni mahali panapofaa watoto kukaa na majedwali ya muda walioupima, kuyalinganisha na kutafuta vitabu vya kuwaeleza walichokiona.

Kwa kuwa mitaa ya zamani ya Eastlands imo katika mipango ya kujengwa upya kwa maghorofa, wasanifu na maafisa wa kaunti wanaombwa wasiihesabu nyasi ya Kaloleni kuwa ardhi isiyo na kazi, na watakapochora ramani mpya, waiachie nafasi bembea yenye mnyororo wa mita 2.