Sungura wa Kuazima: Emma Thompson na Vitabu vya Peter Rabbit

Huenda msomaji akashangaa kuona kurasa hizi, zilizozoea kuwajadili akina Shaaban Robert na Kezilahabi, zikimpa nafasi mwigizaji wa vichekesho wa Kiingereza. Twamwomba avumilie kidogo. Jambo tulilo nalo si geni kwetu sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Rubona, ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwa kuwa ni jambo la sungura, na la kujua sungura ni wa nani.

Kati ya mwaka 2012 na 2014 Emma Thompson, ambaye wengi humjua kwa filamu, alitoa vitabu vitatu vya watoto vinavyomhusu Peter Rabbit, yule sungura aliyebuniwa na Beatrix Potter na kuchapishwa na kampuni ya Frederick Warne ya London mwaka 1902. Hakujitungia tu kwa mapenzi yake. Alipewa idhini, tena aliombwa na kampuni hiyo yenyewe. Vitabu vya namna hii, ambavyo mhusika wake ni mali ya mtu na mwandishi huazimwa mhusika huyo kwa muda, vimejaa madukani duniani kote, na wahakiki huvipita bila hata kugeuza shingo. Yamkini hudhani kwamba penye mkataba hapana sanaa. Sisi hatukubaliani nao, lakini hatukubaliani pia na wale wanaovisifu vitabu hivi kana kwamba mkataba haumo.

Thompson alizaliwa London mwaka 1959, na ufundi wa kuchekesha aliupata mapema. Alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliingia katika kundi la vichekesho la wanafunzi liitwalo Footlights, pamoja na Hugh Laurie na Stephen Fry, na mwaka 1981 kundi hilo lilitwaa tuzo ya Perrier huko Edinburgh. Mwaka 1988 televisheni ya BBC ilimpa mfululizo wake mwenyewe wa vichekesho, alioutunga yeye, na wahakiki wa huko waliupokea kwa ubaridi. Baada ya hapo alikwenda zaidi upande wa filamu za maisha ya watu, akapata tuzo ya Oscar ya uigizaji kwa filamu ya Howards End ya mwaka 1992, kisha nyingine ya uandishi kwa mchezo wa filamu alioutoa katika riwaya ya Jane Austen, Sense and Sensibility, filamu ya mwaka 1995. (Wapo Wanyarwanda wanaomkumbuka zaidi kwa kuwa familia yake ilimpokea kijana mzaliwa wa nchi yetu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hilo ni jema, lakini halimo katika mizani ya mhakiki.)

Ili kumwelewa mwandishi huyu, hapana budi kumtazama baba yake. Eric Thompson naye alikuwa mwigizaji. Katika miaka ya 1960 BBC ilinunua kutoka Ufaransa filamu fupi za vikaragosi za Serge Danot, zilizokuwa na bembea la kuzunguka, mbwa mwenye nywele ndefu na marafiki zake. Eric Thompson hakuzifasiri. Alitazama picha zinavyokwenda, akaacha kabisa maneno ya Kifaransa, akabuni hadithi mpya kwa Kiingereza, akazisoma kwa sauti yake mwenyewe kuanzia mwaka 1965. Mbwa yule, ambaye Kifaransa alikuwa Pollux, akawa Dougal mwenye kununa na kujiona. Watoto wa Uingereza, na wazazi wao pia, walimpenda mno, na hadithi hizo hatimaye zikaingia vitabuni. Walimu wa lugha wafaa kulitafakari tendo hili. Kwa kawaida tunamfundisha mwanafunzi kwamba mfasiri ni mtumishi wa matini, naye mtu huyu aliitupa matini yote dirishani, akabaki na picha, na matokeo yakawa kazi hai kuliko tafsiri nyingi aminifu tulizopata kuzisoma. Mwenye kuuza aliuza picha; maneno yakawa ya mnunuzi. Idhini ya aina hiyo ni pana kama uwanja.

Binti aliurithi ufundi huo wa kuingia katika nyumba ya mwingine na kuongea humo kwa sauti yake. Vitabu vya Christianna Brand vya yaya Matilda, ambavyo cha kwanza kilitoka mwaka 1964, alivigeuza kuwa filamu za Nanny McPhee, ya kwanza mwaka 2005 na ya pili mwaka 2010, akiigiza mwenyewe huyo yaya mwenye pua kubwa na jino lililochomoza. Na hadithi ya filamu ya pili akaiandika kuwa kitabu cha watoto. Kwa Austen, aliyefariki mwaka 1817, hapakuwa na mtu wa kuombwa ruhusa, na twaona ndiko kalamu yake ilikokwenda kwa uhuru mkubwa zaidi: alikata, akaunga, akawapa wahusika maneno ambayo Austen hakuyaandika, na hakuna aliyempigia simu kumwuliza.

Kwa Peter mambo yalikuwa mengine. Yasemekana Warne walimpelekea sanduku lenye figili zilizotafunwa nusu, pamoja na barua ya Peter mwenyewe akimwomba amwandikie hadithi nyingine. Ni mwaliko wa kuchekesha, nao ulimfaa mtu wa vichekesho. Ila tusisahau kwamba nyuma ya figili palikuwa na wanasheria. Kitabu cha kwanza, The Further Tale of Peter Rabbit, kilitoka mwaka 2012, miaka 110 baada ya kile cha Potter, kwa picha za Eleanor Taylor. Peter, aliyechoshwa na maisha ya nyumbani, anajipenyeza katika kapu la chakula la Bwana McGregor, analala humo, na kuzinduka yuko Uskochi. Huko anampata ndugu wa mbali, sungura mweusi mkubwa ajabu aitwaye Finlay McBurney, na pana michezo na mashindano ya kurusha figili, kisha anarudi nyumbani. Kitabu cha pili, cha mwaka 2013, ni cha Krismasi, ambamo Peter na binamu yake Benjamin wanamhangaikia bata mzinga asiyejua kwa nini ananenepeshwa. Cha tatu, cha mwaka 2014, kinawapeleka kwenye uwanja wa maonyesho na bembea.

Uzuri wa vitabu hivi umo sikioni. Huyu ni mtu aliyekaa jukwaani miaka mingi akingoja hadhira icheke kabla hajasema neno linalofuata, nayo sentensi yake yajua pa kusimama. Anapenda kumgeukia msomaji pembeni na kumnong'oneza jambo, kama afanyavyo mtambaji wetu anapomwacha Fisi mlangoni ili aulize wasikilizaji kama wamelala. Kitabu cha kwanza kiliambatana na sauti yake iliyorekodiwa, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo hali yake kamili; anayekisoma kimyakimya amepata nusu. Bata mzinga yule wa Krismasi, mwenye majivuno na asiyejua siku zake zimehesabiwa, ni kiumbe ambaye Potter mwenyewe asingemwonea haya.

Upungufu wake ni hofu. Katika kitabu cha mwaka 1902 mama anawaonya wanawe wasiingie katika bustani ya McGregor, kwa sababu baba yao aliingia humo akapatwa na ajali, mke wa McGregor akamwoka ndani ya mkate. Jambo hilo latajwa kwa ubaridi, kama mtu atajaye bei ya chumvi, na kurasa zote zinazofuata zinatetemeka kwa ajili yake. Peter anapoacha koti na viatu akikimbia, msomaji mdogo ajua kinachoweza kumpata, maana kimekwisha kumpata baba yake. Kwa Thompson, McGregor amekuwa mchukuzi wa kapu. Bata mzinga ndiye pekee aliye hatarini kwelikweli, na hatuoni kuwa ni bahati tu kwamba kitabu chake ndicho bora katika vitatu: bata yule si mali ya kale ya kampuni, na mwandishi aweza kumtisha. Peter haguswi. Hakui, hafi, haoi, hapotezi hata sikio moja. Mwisho wa hadithi sharti arudishwe kwa wenyewe akiwa mzima, kama sufuria iliyoazimwa kwa ajili ya arusi.

Mtu atauliza: je, Sungura wetu naye hakui wala hafi? Kweli, kesho yake yuko tayari kwa hila nyingine. Lakini jioni ya leo aweza kushindwa na Kobe, aweza kuaibishwa kisimani mbele ya wanyama wote, aweza kuwa mwovu kabisa hata msikilizaji akamchukia, na mtambaji hahitaji barua ya mtu ili amfanye hivyo.

Potter mwenyewe alikuwa mjuzi wa mali. Wachapishaji walipomkataa alijichapishia nakala 250 Desemba 1901. Warne walipokitoa kitabu mwaka uliofuata hawakukilinda kisheria huko Marekani, na wengine wakakichapa bila kumlipa. Yeye naye mwaka 1903 akasajili kikaragosi cha Peter katika ofisi ya serikali ya hataza. Peter ahesabiwa miongoni mwa wahusika wa kwanza wa vitabu kuuzwa kama bidhaa. Potter alifariki Desemba 1943, na kwa sheria ya Uingereza haki yake juu ya maandishi ilikwisha baada ya miaka 70, yaani tarehe 1 Januari 2014. Vitabu vya Thompson vyaangukia miaka hiyohiyo. Maneno ya kale yalipokuwa yakielekea kuwa ya watu wote, maneno mapya yenye mwenyewe yaliwekwa rafuni kando yake, na alama za biashara zikaendelea. Hatumlaumu mwandishi kwa hilo. Twasema tu kwamba mhakiki asiyeitazama kalenda atashindwa kueleza kwa nini vitabu hivi vilizaliwa wakati ule.

Sasa twafika pale panapotuhusu sisi. Mwaka 2023 Emily Zobel Marshall, mwanazuoni wa Leeds na mjukuu wa mwandishi Joseph Zobel wa Martinique, alieleza kwamba visa vya Potter vina deni kubwa kwa hadithi za Brer Rabbit, ambalo halikutajwa ipasavyo. Hadithi hizo zilitambwa na Waafrika waliokuwa watumwa huko Marekani, zikaandikwa na mzungu wa Georgia, Joel Chandler Harris, kuanzia mwaka 1880. Potter alizijua, katika miaka ya 1890 alichora picha kadhaa za visa hivyo. Wapo waliompinga Marshall, wakisema sungura mwerevu yuko kila mahali. Huenda. Peter, kwa kweli, si mwerevu sana: hunaswa wavuni kwa vifungo vya koti, na Sungura wetu asingevaa koti kwenda kuiba. Lakini njia ya kihistoria ipo, kutoka Afrika hadi mashamba ya pamba, kutoka huko hadi vitabu vya Harris, na kutoka hapo hadi meza ya msichana wa London mwenye kalamu ya kuchorea. Mwaka uleule wa 1901 ambao Potter alijichapishia nakala zake, George Bateman alichapisha Chicago kitabu cha ngano za Zanzibar ambamo Sungura anamhadaa Simba. Sungura wa Zanzibar hakusajiliwa popote. Watambaji waliompa Bateman ngano zile hawakupelekewa figili.

Mkataba wa Swakopmund wa mwaka 2010, wa kulinda maarifa na fasihi ya jadi katika nchi za Afrika, ulitungwa kwa ajili ya mambo ya aina hii, nao ni mwema. Hata hivyo sheria humlinda yule aliyeandikwa. Hapa Rwanda shirika la Bakame la Kigali, lililoanzishwa mwaka 1995, lilitangulia kwa kujiita kwa jina la sungura wa ngano za Kinyarwanda na kumtolea mtoto vitabu kwa lugha yake. Kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya nchi hii tangu mwaka 2017, rafu za watoto wetu bado ni nyepesi. Vichekesho vimejaa redioni na katika televisheni za Afrika Mashariki, lakini wachekeshaji wetu ni wachache waliotia kalamu katika kitabu cha mtoto. King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018, alijua kusimama katikati ya sentensi kama Thompson ajuavyo, na hatujapata kuona kitabu cha watoto kilichotoka katika kinywa chake.

Mwalimu atakayetaka kuwapa wanafunzi wake zoezi la tafsiri atafaidika kuviweka vitabu viwili kando kwa kando, cha Potter na cha kwanza cha Thompson. Kwa Potter ugumu wote umo katika ile ajali ya baba: neno lenyewe tunalo, lakini sentensi ya Kiswahili hutamani kuongeza pole, na pole ikiingia kitabu kimekufa. Kwa Thompson ugumu ni Finlay, sungura mkubwa mwenye lafudhi ya kwao milimani, ambayo humchekesha Mwingereza kabla hata hajaelewa maneno. Akisema Kiswahili sanifu, amepotea. Wenzetu wa pwani huenda wakampa Kimvita au Kimakunduchi. Watoto wa Rubona, ambao siku za soko husikia wachuuzi wa kutoka ng'ambo ya mpaka, tungewapa Finlay anayesema Kiswahili cha Goma.