Kazi Mbili na Bega Moja: Juu ya Watungaji Waliokuwa Wasanifu Majengo

Wahenga walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka, na methali hii imekuwa hukumu wanayosomewa watungaji wote wenye ajira. Husemwa kwamba karani, mwalimu au tabibu anayetunga usiku huipa fasihi makombo ya siku, na kwamba laiti angaliachiwa kalamu yake peke yake angalitunga makubwa zaidi. Hukumu hii imezoeleka hata wanafunzi wetu huipokea kabla hawajaipima. Shabaha ya insha hii ni kuipima.

Kwetu sisi ushahidi wa kuipinga hauko mbali. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, na hapana mtu mwenye akili atakayesema kwamba fasihi ilimponyoka. Lakini mtetezi wa methali aweza kujibu kwamba ukarani hutumia mkono na kuiacha nafsi ikiwa nzima, kwa hiyo mfano huo si mzito. Basi na tuchukue mfano ulio mgumu kuliko huo, yaani kazi ya usanifu majengo. Msanifu majengo hatumii mkono tu. Hubuni, hupima, hupatanisha uzuri na matumizi, na humaliza siku akiwa amekwisha toa katika mfuko ule ule ambao mtunzi hutoa. Ikiwa kuna kazi inayostahili kumwibia mtungaji, ni hii.

Hata hivyo lugha yenyewe inatuonya tusiharakishe. Tunasema ubeti, na asili ya neno hili ni neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. Wanazuoni wa kale wa arudhi ya Kiarabu walipotafuta majina ya viungo vya ushairi waliyachukua kambini, katika kamba na vigingi vya hema. Sisi nasi husema kwamba shairi lina mizani, na fundi mwashi hawezi kusimamisha ukuta bila kuipima wima yake. Waliotoa majina haya waliona udugu kati ya kujenga na kutunga. Swali ni kama ndugu hawa wawili waweza kuishi katika mtu mmoja bila ya mmoja kumla mwenzake.

Shahidi wa kwanza ni Mwingereza Thomas Hardy, aliyezaliwa mwaka 1840, mwana wa fundi mwashi. Mwaka 1856 aliwekwa kujifunza kazi kwa John Hicks, msanifu majengo wa Dorchester, na mwaka 1862 akaenda London kufanya kazi kwa Arthur Blomfield. Hakuwa mwanafunzi dhaifu: mwaka 1863 alipata medali ya Taasisi ya Kifalme ya Wasanifu Majengo wa Uingereza kwa insha aliyoandika juu ya matofali ya rangi na terakota. Mwaka 1870 alitumwa St Juliot, Cornwall, kulipima kanisa lililotaka kutengenezwa, na huko ndiko alikoonana na Emma Gifford, aliyemwoa mwaka 1874. Mwaka huo huo riwaya yake Far from the Madding Crowd ilimpa jina, naye hakurudi tena kwenye kazi ya mshahara wa ramani.

Wasimulizi wengi husimulia habari hii kama hadithi ya ukombozi: mtu alikuwa kifungoni, akatoka, akawa mtunzi. Lakini tuzisome kazi zenyewe. Katika riwaya hiyo ya mwaka 1874 imo sura juu ya ghala kubwa la zamani ambamo kondoo hukatwa manyoya. Mwandishi analilinganisha na kanisa na ngome za zama zake, akaona kwamba hizo zimepoteza maana waliyoikusudia wajenzi wake, ilhali ghala lingali linafanya kazi ile ile iliyolileta duniani. Fikira hii haitoki kwa mtu aliyetazama jengo kwa mapenzi tu. Inatoka kwa mtu aliyefundishwa kuuliza kila boriti imewekwa kwa ajili gani. Tena katika Jude the Obscure, riwaya ya mwaka 1895, shujaa ni fundi wa mawe atamaniye kuingia katika vyuo vya mji uitwao Christminster. Mikono yake yajua kuzitengeneza kuta za vyuo, lakini milango yake haimfungukii. Uchungu wa kitabu kizima umo katika jambo hilo moja, na asiyejua jiwe lilivyo asingeweza kuliandika. Mwanafunzi anayesoma haya ndani ya chuo kikuu hana budi kutulia kidogo ajiulize ni nani aliyezijenga kuta zinazomzunguka.

Lakini haki yataka tutaje na upande wa pili. Riwaya yake A Laodicean, iliyotoka mwaka 1881, ina msanifu majengo kwa mhusika mkuu, nayo ni miongoni mwa kazi zake dhaifu. Hapo kazi imeletwa jukwaani ikiwa na mavazi yake, na ramani na mashindano yake, lakini haioni kitu. Nahitimisha kwamba ujuzi wa kazi humfaa mtungaji unapokuwa jicho, wala haumfai sana unapokuwa mada tu.

Shahidi wa pili ni Max Frisch wa Uswisi, aliyezaliwa Zürich mwaka 1911, ambaye baba yake pia alikuwa msanifu majengo. Huyu alikwenda njia iliyo kinyume na ya Hardy. Alianza kwa kuandika, akatoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1934, kisha akaona haifai kitu, akachoma miswada yake na kuapa kuacha. Akajifunza usanifu majengo katika chuo kikuu cha ufundi cha Zürich, akahitimu mwaka 1940. Kiapo hakikudumu, kwani alipoitwa jeshini mwaka 1939 kalamu ilimrudia mkononi. Mwaka 1943 mchoro wake wa bwawa la kuogelea la Letzigraben ulishinda michoro 65 iliyoshindanishwa, naye akafungua ofisi yake. Vita vilichelewesha kazi, na bwawa halikufunguliwa mpaka mwaka 1949. Miaka ile ile ndiyo aliyoandika michezo yake ya kwanza na shajara ya miaka 1946 hadi 1949, iliyochapwa mwaka 1950.

Tuitazame shajara hiyo kwa jicho la mhakiki. Si kumbukumbu za kila siku tu. Ni vipande: safari, fikira, mbegu za michezo, habari za kiwanja cha ujenzi, na ziara ya Bertolt Brecht mahali pale. Kila kipande ni kifupi, chasimama peke yake, na maana ya kitabu hupatikana katika nafasi zilizoachwa kati ya kimoja na kingine. Wengine wangesema kwamba hii ni dalili ya mtu asiye na wakati. Naam, ni kweli, lakini upungufu wa wakati umegeuzwa kuwa umbo. Frisch hakuandika riwaya kubwa iliyokatika katika. Aliandika kitabu ambacho kukatika ndiko kujengwa kwake. Mjenzi hodari hufanya vivyo hivyo akipewa kiwanja chembamba: halalamiki juu ya kiwanja, hubuni nyumba inayokifaa.

Mwaka 1954 ilitoka riwaya yake Stiller, habari ya mtu anayekana kuwa ndiye yeye, na mwaka 1955 akaifunga ofisi. Methali, basi, yaonekana kushinda: wote wawili mwishowe waliacha usanifu. Lakini haikushinda kama inavyodhaniwa. Usanifu haukuponyoka, uliwekwa chini baada ya kwisha kumfundisha mwenyewe.

Ziko gharama ambazo methali haizitaji. Tunapozungumza juu ya kusawazisha kazi na utunzi hudhania mizani yenye vitanga viwili. Mfano ulio karibu zaidi ni mzega. Mbeba mzega ana mzigo mbele na mzigo nyuma, na ikiwa yote miwili ina uzito sawa watazamaji humsifu kwa mwendo wake mzuri. Wasichokitazama ni bega. Bega hilo ni maisha ya kila siku, na mara nyingi ni la mtu mwingine. A Laodicean iliandikwa Hardy akiwa mgonjwa kitandani, na sehemu yake kubwa aliandikisha kwa imla, mkewe akiandika. Mke wa Frisch alikuwa amesomea usanifu majengo kama yeye, akamzalia watoto watatu. Mwaka 1954, mwaka wa Stiller, Frisch aliondoka nyumbani. Emma alipokufa mwaka 1912, baada ya miaka mingi ya kuishi na mumewe kwa ubaridi, Hardy alimtungia mashairi ya maombolezo yaliyo miongoni mwa mazuri aliyopata kutunga. Mashairi hayo ni deni lililolipwa wakati mdai hayupo.

Sisemi haya ili kuwahukumu marehemu. Nasema ili uhakiki wetu uache kuuliza swali dogo, yaani saa ngapi zilimbakia mtungaji baada ya kazi. Swali hilo lajibiwa na saa ya ukutani. Maswali yanayotupasa ni mawili: kazi yake ilimfundisha kuona nini ambacho wengine hawakukiona, na mzigo wake ulibebwa na bega la nani. La kwanza hupatikana ndani ya maandishi, na mhakiki asiyelitafuta huko amesoma nusu. La pili mara nyingi limefutwa katika maandishi, na kulitafuta ni wajibu wa haki.

Na kwa kijana anayesoma uhandisi, utabibu au sheria mchana na kutunga usiku, hukumu ya insha hii ni kwamba asiiogope methali. Ashike mbili, na aijue kazi yake hasa, kwa kuwa jicho halipatikani kwa kazi inayofanywa nusu nusu. Lakini kabla ya kuusifu mwendo wake mwenyewe, na apapase chini ya mti wa mzega, ajue bega lililo hapo ni la nani.